Kinyonga Mkali na Mkono Wako: Mwongozo Kamili wa Kumzoeza

Faru alifika kwangu Kiamunyi ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, akiwa mweusi kama sufuria ya kuni. Nilipoinua kifuniko alijibapa mbavu hadi akawa mwembamba kama jani, akaachama kinywa, akatoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka, kisha akaurukia mkono wangu ambao bado haujamfikia. Ni kinyonga dume wa Jackson, mwenye pembe tatu puani. Jina alipewa na mpwa wangu, maana mtoto aliyekulia Nakuru akiona pembe puani hafikirii mnyama mwingine ila yule wa kule mbugani ziwani. Mfugaji aliyekuwa naye kabla yangu, mwenye kibali kama mimi, alinieleza habari zake kwa neno moja tu: mkali.

Siku hizi Faru huupanda mkono wangu kwa hiari yake. Safari hiyo ilichukua miezi saba, na miwili kati yake ilipotea kwa kosa langu, ambalo nitalieleza ili wewe usilirudie. Nataka ujue pia tangu mwanzo kinachowezekana. Kinyonga hatakukimbilia mlangoni kama mbwa wala kujilaza mapajani kama paka. Kuaminiwa na kinyonga ni hivi: anakuona, anakutambua, na anaendelea na shughuli yake. Rangi haibadiliki. Anakunywa maji ukiwa karibu. Ukimpa njia ya kupita juu ya mkono wako, anaipita. Kwa kiumbe ambaye karibu kila kikubwa kinachomsogelea porini kinataka kumla, hayo si machache.

Kabla ya mkono, karatasi

Kinyonga ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, huwezi kumtoa kwenye ua au msituni ukamfanya wako bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Biashara ya kuwasafirisha vinyonga wa Jackson nje ya Kenya ilisimamishwa mwaka 1981, na vinyonga wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe wa porini kati ya nchi na nchi. Waliofikishwa Hawaii kutoka Kenya mwaka 1972 waliachiliwa, wakazaana, na hadi leo wanaishi porini huko, jambo ambalo wahifadhi wa kule wanalilalamikia kwa haki kwa sababu wanawala wadudu na konokono wa visiwani.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Ya pili ni kinyonga mwenyewe: aliyekamatwa porini akiwa mtu mzima huja na minyoo, huja na woga wa kukamatwa, na wengi hukataa kula hadi wakafa. Kama huna kibali, mwache kwenye ua lake la haibiskasi. Sehemu ya kusoma mwili wake iliyo hapa chini itakufaa vilevile: unaweza kukaa karibu naye asubuhi hadi asikujali, bila kumgusa wala kumfungia popote.

Kisha kuna watu wa nyumbani. Wengi wetu tulilelewa tukimwogopa. Wabukusu husimulia kwamba kinyonga alimkuta mtoto wa Maina akila, akaomba chakula akafukuzwa, naye akatoa laana kwamba watu watakufa. Nyoka alipewa chakula, akabarikiwa, ndiyo maana hujivua ngozi na kuendelea kuishi. Hadithi hiyo naiheshimu, lakini ina athari yake: dada wa kazi anayepiga mayowe kila apitapo kizimbani, au jirani anayesimama na ufagio, atabomoa kwa dakika moja ulichojenga kwa mwezi. Kaa nao. Waambie hana sumu, hatemi mate, na mtu hafi kwa kumgusa. Usimlazimishe mtu kumpenda. Omba tu wapite polepole na wasibamize mlango.

Anaogopa nini hasa

Maadui zake wengi hutoka juu: mwewe, hondohondo, na ndege wengine wanaowinda mijusi. Nyoka wa mitini humfuata tawini. Yeye hana mbio, hana kucha za kupigana, hana sumu. Silaha zake ni kutoonekana, kujifanya mkubwa, na kuuma akiwa hana njia nyingine. Kwa hiyo mkono unaoshuka kutoka juu ni mwewe, hata kama umeshika panzi mnono kuliko wote wa Rift Valley.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya tatu nilitaka kumkagua kucha, nikamshika mgongoni kutoka juu, haraka, nikidhani haraka itampunguzia mateso. Aliniuma kidole, nikavuta mkono kwa kushtuka, akaanguka sakafuni. Hakuumia mwili. Lakini kwa miezi miwili iliyofuata alikuwa akigeuka mweusi akihisi tu mtikisiko wa mlango wa chumba. Hana tundu la sikio kama letu, ila mitikisiko hupita kwenye ubao na tawi ikamfikia miguuni, na alikuwa ameshajifunza mtikisiko ule unaleta nini.

Macho yake, kila moja hujizungusha peke yake, na kwa pamoja huona karibu pande zote. Maana yake ni kwamba huwezi kumnyemelea, na usijaribu. Jitokeze mapema, mahali peupe, kwa mwendo ule ule kila siku. Anayemjia kwa kujificha anafanana na mwindaji.

Jifunze kumsoma

Sehemu hii ndiyo ningekuomba usiipitie haraka. Mtu asiyeijua atafuata hatua zote zinazokuja na bado ataumwa.

Rangi kwanza. Wengi huamini kinyonga hubadilika rangi ili afanane na alipokaa. Kwa kiasi kikubwa rangi ni lugha na ni joto: hutangaza alivyo, na humsaidia kunasa au kukwepa jua. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa vinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi kuna chembechembe ndogo mno za fuwele, na umbali kati yake ukibadilika, mwanga unaorudi hubadilika rangi. Kwako wewe mfugaji maana yake ni nyepesi: rangi ni ripoti ya papo hapo. Dume wa Jackson aliyetulia ana kijani kibichi kinachong'aa. Akikasirika au kuogopa hugeuka kijani cha giza, kahawia, hata weusi. Ila kumbuka kwamba asubuhi ya baridi pia huwa mweusi, upande mmoja aliouelekeza juani, kwa sababu rangi nyeusi hunywa joto. Huyo hajakasirika, anaota jua. Mwache apate moto kwanza. Na usiku akilala hupauka kabisa. Rangi hiyo nayo ni ya kawaida.

Baada ya rangi, tazama mwili. Woga wake hupanda ngazi, na ngazi hizo nimezihesabu kwa Faru hivi. Kwanza jicho moja linakuganda. Pili anajizungusha taratibu nyuma ya tawi, ili tawi liwe kati yenu. Tatu rangi inakolea. Nne anajibapa mbavu, anavimbisha koo, wakati mwingine anayumbayumba. Tano kinywa kinaachama, sauti inatoka, anarusha kichwa. Wengine huruka ngazi zote na kujiangusha chini kama tunda lililoiva, wakalala kimya. Usidhani amekufa, na usimwokote mara moja.

Kanuni yangu ni kusimama kwenye ngazi ya pili. Akizunguka nyuma ya tawi, mimi narudi nyuma hatua moja na kukaa kimya. Ukingoja hadi kinywa kifunguke, umeshamfundisha kwamba ishara zake za upole hazisikilizwi, na kesho ataanzia kwenye ile ya tano. Vinyonga wengi wanaoitwa wakali ninaokutana nao walifundishwa ukali kwa namna hiyo: walisema polepole, hakuna aliyesikia.

Huenda si ukali

Kabla ya kuanza mazoezi, hakikisha hakuna kitu kingine kinachomsumbua.

Joto ndilo la kwanza, na hapa Kisumu na Nakuru ni dunia mbili. Kinyonga wa Jackson ni wa milimani; hustawi kwenye nyuzi 21 hadi 27 mchana, na usiku hupenda baridi. Nakuru, kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa yenyewe inamfaa. Kisumu, mita kama 1,130 kando ya ziwa, mchana hufika nyuzi 30, na chini ya bati hupita hapo. Kinyonga aliyezidiwa na joto huachama kinywa, lakini hajavimba koo, hatoi sauti, rangi yake imepauka, na anaachama hata ukiwa haupo. Huyo anahitaji kivuli na maji sasa hivi. Kama uko Kisumu, weka kipimajoto pale pale anapokaa, si ukutani, na uwe tayari kumpa kizimba chini ya mti wenye majani mengi badala ya chumba.

La pili ni maumivu. Miguu inayopinda, taya laini, ulimi unaokosa shabaha au usiotoka vizuri, hizo ni dalili za mifupa iliyokosa kalisi (kalsiamu). Macho yaliyofungwa mchana ni dalili ya ugonjwa karibu kila mara. Mnyama mwenye maumivu huuma, na hakuna zoezi litakaloondoa hilo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Wengi wa madaktari wetu wamezoea ng'ombe na mbwa, kwa hiyo piga simu mapema uulize kama kuna anayetibu watambaao, na chukua picha za kinyesi chake, chakula na kizimba.

Jike mwenye mimba pia hataki kuguswa na yuko sahihi. Wa Jackson na wa von Höhnel, aina nyingine ya milimani, huzaa watoto hai, na mimba huchukua miezi kadhaa. Kinyonga shingo-pana wa nyanda za chini hutaga mayai na hushuka chini kutafuta udongo wa kuchimba. Acha mazoezi hadi amalize.

La mwisho ni kivuli chake mwenyewe. Kioo humwonyesha dume mwingine asiyeondoka, na kinyonga ni mpweke kwa asili: hata kumwona mwenzake ng'ambo ya chumba humchosha. Nilipofunika kwa gunia kioo kimoja cha dirisha kilichokuwa kikimrudishia sura yake, Faru alitulia kidogo siku ile ile, kabla sijafanya lolote jingine.

Kizimba kinachotuliza

Kizimba changu nilitengenezewa na fundi wa jua kali: fremu ya mbao, sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 120, pande zote wavu laini wa kupitisha hewa. Kioo hakifai, kwa sababu ya kivuli nilichokitaja na kwa sababu kioo huzuia miale ya jua ya urujuanimno (UV) ambayo mwili wake unaihitaji ili kutumia kalisi. Sisi tuna jua la ikweta bure. Kizimba kitoke nje asubuhi, nusu juani nusu kivulini, ili achague mwenyewe.

Jambo lenye uzito kuliko yote kizimbani ni kimo. Tawi lake la juu liwe juu kuliko macho yako ukiwa umesimama. Nilikuwa nimeweka kizimba cha Faru chini sakafuni. Kila niliposimama mbele yake nilikuwa juu yake kama mwewe. Niliponunua meza ya zamani ya mbao na kukipandisha, kuvimba kulipungua ndani ya wiki. Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

La pili ni maficho. Majani mengi, hasa katikati na juu, yawe mengi kiasi kwamba unaweza kumkosa ukitazama haraka. Watu husita hapa wakisema sasa nitamwonaje? Lakini mwenye pa kujificha hujificha kidogo, na asiye na pa kujificha hupigana. Haibiskasi katika chungu ni nzuri na haimdhuru akiitafuna. Matawi yawe na unene wa kushikika. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, vinahitaji kukumbatia kitu.

Maji hunywa matone kwenye majani, hayatambui kwenye bakuli. Nyunyiza asubuhi na jioni, lakini nyunyiza majani, usimpige usoni. Chakula ni wadudu hai wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake: nyenje, panzi, viwavi laini, kumbikumbi msimu wa mvua. Mtu mzima watano hadi saba kila baada ya siku moja wanatosha, wakipakwa unga wa kalisi mara kwa mara. Usiokote wadudu kwenye shamba lililopigwa dawa. Panzi wenye rangi kali wanaotoa povu waache, na vimulimuli usimpe kamwe. Vina sumu inayoweza kumuua mjusi.

Wiki mbili za kutomgusa

Sasa kazi yenyewe. Siku kumi na nne za kwanza usimguse hata kidogo. Ingia saa ile ile, kwa njia ile ile. Nyunyiza, weka chakula kwenye kikombe kilichofungwa tawini, safisha ukianzia chini, toka. Usisimame kumkodolea macho. Macho mawili yaliyotazama mbele ni sura ya mwindaji. Simama upandeupande.

Kisha kaa. Weka kiti mita mbili kutoka kizimbani asubuhi, akishaota jua, soma gazeti au menya mbaazi kwa dakika kumi na tano. Rangi yake ikibaki kijani siku tatu mfululizo, sogeza kiti kwa urefu wa unyayo mmoja. Ikikolea, rudisha kiti kilipokuwa jana. Mwendo wa kinyonga si msemo tu hapa, ndiyo ratiba. Kwangu, kutoka mita mbili hadi kizimbani kulichukua wiki tano, na nilihesabu kosa langu la siku ya tatu kwa kila unyayo.

Mkono usiotaka kitu

Fungua mlango wa kizimba, weka mkono ndani, chini kuliko alipo, kiganja juu, na uuache hapo. Dakika moja. Toa polepole. Hakuna chakula, hakuna kumfikia. Lengo ni aone mkono ukiingia na kutoka mara ishirini bila jambo lolote kutokea. Watu wenye bidii huharibu hapa. Wakiona ametulia siku ya pili wanasogeza kidole. Usisogeze.

Vaa nguo za rangi zilizopoa siku hizi za mwanzo. Pete inayometa iache mezani.

Chakula kupitia wewe

Akizoea mkono mtupu, chagua mdudu anayempenda kuliko wote. Kwa Faru ni panzi wa kijani. Kuanzia siku hiyo, mdudu huyo hapatikani kikombeni tena. Anapatikana kwako peke yako. Usimshindishe njaa ili akubali. Chakula chake cha kawaida kibaki kikombeni. Huyu ni nyongeza tu.

Anza na kijiti kirefu au kibano cha mianzi. Kibano cha chuma sikipendi: ulimi wake hufyatuka kwa kasi kubwa, unaweza kufika mara moja na nusu hadi mbili ya urefu wa mwili wake, na ukigonga ncha ya chuma unaweza kuumia. Shika mdudu kwa miguu ya nyuma, mweke mbele yake na chini kidogo ya kidevu, umbali wa shibiri moja, na utulie kama nguzo. Macho yote mawili yakigeukia mdudu, usipumue kwa nguvu. Akikataa kwa dakika tano, mwachie mdudu tawini na utoke bila kuchukia. Siku nyingine.

Fupisha kijiti wiki hadi wiki, hadi mdudu awe kwenye vidole, kisha kwenye kiganja kilichowekwa nyuma kidogo, ili kumfikia alazimike kuegemea mbele, na mwishowe kuweka mguu mmoja kwenye kidole chako. Mguu huo wa kwanza ni mwepesi, mkavu na wa baridi. Usisherehekee kwa kutikisika. Mwache aurudishe.

Mkono kama daraja

Wafugaji wengi huishia kwenye chakula, na naamini ndiyo sababu vinyonga wao hubaki wakiuona mkono kama sahani. Kilichombadilisha Faru kilikuwa njia ya kutoka.

Karibu na kizimba changu, uani, kuna haibiskasi kubwa inayopata jua la saa tatu. Nilikuwa nimeona kwamba kizimba kikiwa wazi yeye huelekea upande ule kila mara, akinyoosha mguu hewani akitafuta tawi ambalo halipo. Basi nikaweka mkono wangu kuwa lile tawi. Kiganja chini ya kifua chake, mbele, chini kidogo ya miguu ya mbele. Mkono wa pili ukiwa tayari mbele yake kama tawi linalofuata. Sikumsukuma wala kumvuta. Alisimama dakika nane, mguu mmoja mbele, akiyumba. Kisha akapanda, akapita kiganja, akapita kifundo, nami nikatembea polepole hadi kwenye haibiskasi, akahamia mtini bila hata kunitazama.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Baada ya majuma matatu alikuwa akija mlangoni nikifungua, kijani, akitafuta daraja lake. Kwa hiyo tafuta kitu ambacho kinyonga wako anakitaka nje ya kizimba, jua, mti, kimo, na uwe njia ya kukifikia. Nje usimwache peke yake hata kidogo: paka, kuku na ndege hawajui ana kibali. Dakika kumi na tano hadi nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Kumrudisha tumia daraja lile lile, na ukimkuta hataki, mpe ufito ashike na umbebe juu ya ufito huo.

Usimbandue kamwe kutoka tawini. Kucha na vidole vinaweza kung'oka kabla hajaachia. Fungua mguu mmoja mmoja kutoka nyuma, au bora zaidi, chukua tawi pamoja naye.

Akikuuma

Hutakufa na wala hakuna sumu. Taya yake inabana na inaweza kukutoa damu. Jambo gumu ni kutulia: usivute mkono, kwa sababu utararua ngozi yako na kuumiza taya yake. Mshushe kwenye tawi, atulie, ataachia mwenyewe. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Mikono ioshwe kabla na baada ya kila kazi kizimbani hata kama hakukuuma, maana watambaao hubeba bakteria wa salmonela. Watoto wadogo wasimguse wakaweka vidole mdomoni, na kizimba kisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Kisha rudi ngazi mbili. Kama mlikuwa kwenye daraja, rudi kwenye mkono usiotaka kitu. Usimwadhibu, usimpulizie, usimnyime chakula. Hataunganisha adhabu na kuuma. Ataunganisha adhabu na wewe.

Siku usiyoweza kungoja

Dawa haingoji. Ikibidi umshike, zima hofu kwa kupunguza muda: andaa kila kitu kwanza, ingia kutoka chini na mbele, mwinue kwa tumbo na miguu ishike kidole au kijiti, maana asiyeshika kitu hujiona anaanguka. Maliza, mrudishe mahali pa juu penye majani, ondoka kabisa kwa saa kadhaa. Usimshike akiwa amelala. Utapoteza hatua kadhaa, zitarudi kwa haraka kuliko mwanzo ikiwa msingi ulikuwepo.

Wageni pia wana siku yao. Faru akiwa kijani, mgeni mmoja anaweza kukaa kwenye kile kiti cha mita mbili. Kumpitisha mkono kwa mkono ili kila mtu apige picha, hapana, hata kama ni ndugu aliyesafiri kutoka Kakamega.

Asiyekubali

Nina jike wa von Höhnel, mwenye kofia na pembe fupi moja, ambaye nimemfanyia haya yote kwa zaidi ya mwaka. Hajawahi kupanda mkono wangu. Nikiuweka kizimbani bado huvimba koo. Nilijaribu jua, nilijaribu panzi, nilijaribu kukaa hadi kahawa ikapoa mkononi. Sasa namhamisha kwa ufito, naye anaupanda bila shida, na sijaribu tena kuubadilisha ufito kuwa kidole. Kila asubuhi nanyunyiza majani, narudi nyuma hatua mbili, nasimama upandeupande. Jicho moja linabaki kwangu. La pili linafuata tone linaloteremka kwenye jani, na akilifikia anakunywa.